Aliyeachwa Mtoni

Nakumbuka likizo moja kwetu Ekerenyo, mwanangu, miaka michache baada ya uhuru, nilipokaribia kumuua babu yangu kwa mchezo. Usicheke. Nilikuwa msichana wa darasa la saba, msomaji hodari, na kiherehere changu hakikuwa na dawa.

Babu, tukimwita Sokoro, alipigana Bama, yaani Burma, katika Vita vya Pili vya Dunia, akiwa keya, askari wa Mwingereza. Mambo ya vita aliyaandika katika daftari, akaniruhusu kulisoma. Nami nikaligeuza mchezo: kila mtoto wa boma letu nikampa mtu wake wa kuigiza, huko nyuma ya migomba. Nilipofika palipoandikwa, "Rafiki yangu Ombati nilimwacha mtoni," nikafunga daftari. Nikaona nimeelewa, eti! Aliyemwigiza Sokoro nikamwamuru atoroke, na sisi tukamzomea, "Mwoga! Kamwacha mwenzake!"

Kumbe Sokoro alikuwa amesimama nyuma yetu na jembe lake. Alirudi nyumbani, akakataa chakula siku mbili, na hata Sabato hakwenda kanisani. Wee! Nilijua akifa, ni mimi niliyemuua.

Nikapiga magoti mlangoni kwake nikilia. "Sokoro, nisamehe."

"Ulisoma nyuma ya ukurasa?"

Sikuwa nimesoma. Alinifungulia ukurasa huo mwenyewe. Ombati alipopigwa risasi, Sokoro alimbeba mgongoni kutwa nzima hadi mtoni, akamwacha mikononi mwa daktari kwa amri ya mkubwa wao. Hawakuonana tena.

"Hilo neno mwoga," akasema, "nimejiita mwenyewe miaka yote hii." Kisha akaniinua. "Kesho mchezo urudiwe. Mimi ndimi Ombati. Mtanibeba."

Tulimbeba wanne, mwanangu, tukitweta. Hata mtoni hatukufika! Tulimwangusha kwenye viazi vitamu, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mmeona uzito wake?" akasema. "Basi mimi nilifika."

Jioni hiyo alikula ugali wote. Jamani, nilishusha pumzi niliyoibana siku tatu! Wahenga husema maji yakimwagika hayazoleki. Lakini maji yangu mimi, Nyasae, Mungu wetu, alinizolea.

Kwa hiyo mkigawana majina ya askari katika michezo yenu humo simuni, chezeni, siwakatazi. Ila maisha ya mtu usiyachezee nusu. Geuza ukurasa, na mwenyewe akiwa hai, muulize. Kuuliza si ujinga.

Nyasae akupe mtu wa kukubeba siku miguu itakapokataa, nawe akupe mgongo wa kumfikisha mwenzio.