Damu ya Watu Tusiowajua

Dada yangu aliuza chai mtaa wa Malakia, na hukupata kikombe kwake kabla hujaulizwa: "Ita min wen?" Unatoka wapi. Juba nzima iliuliza hivyo miaka ile, amani ikiwa bado changa na sisi tumerudi juzijuzi kutoka Uganda. Kwa dada lakini lilikuwa swali la kweli. Ukitoka kabila la wale waliomuua mumewe vitani, sukari iliisha ghafla.

Kisha akaugua saratani ya titi. Dawa ya kwanza, Kampala, nusura immalize: kimiminika kilichotumika kuiyeyusha kilimvimbisha uso na kumbana pumzi. Akarudi akisema hachomwi sindano tena. Niliogopa sana, nikamburuta hadi kliniki moja ya mtaa wa Thongpiny, hapo hapo Juba.

Daktari pale, Mkenya, alisema kuna dawa isiyohitaji kimiminika kile. Imefungwa ndani ya protini, chembe ndogo hivi kwamba mamia zikipangwa mstari hazifikii upana wa unywele. Uvimbe una uchu wa protini hiyo, unaivuta ndani, na dawa inaingia nayo. Akili zote hizo, na anayetibiwa ni muuza chai wa Malakia.

Siku ya dawa, nesi alimimina maji ya chumvi polepole kwenye ukuta wa kichupa, akaacha unga wa dawa ulowe bila kuutikisa, usije ukatoa povu. Mimi ningeutikisa. Ukageuka mweupe kama maziwa.

"Daktari, hii protini iko ya ng'ombe?" dada akauliza.

"Ya watu, mama. Inatolewa kwenye damu yao."

"Watu gani?"

"Wengi. Damu inachanganywa. Hakuna anayejua ni ya nani."

Dada akaukunja mkono kifuani. Nikajua tumekwisha, anaondoka. Akakitazama kichupa.

"Na wao hawakuuliza inaenda kwa nani?"

"Hawakuuliza."

Akaunyoosha mkono. Nilitazama matone yakishuka kama niko kanisani. Pumzi haikumbana.

Alirudia dawa ile mara kadhaa, uvimbe ukanywea, naye akarudi kwenye jiko lake. Asubuhi ya kwanza akaja kijana mwenye chale za kabila lile lile kwenye paji la uso. Dada alimtazama, nami nikasubiri lile swali.

"Sukari vijiko vingapi?" akamuuliza.