Springi ya Kalamu

Mwaka jana nilikwenda kuzibwa jino, na daktari alipoanza kulichimba, harufu ya mfupa uliopata moto ikanijaa puani. Wengine huogopa sindano. Mimi nilitokwa na machozi kwa sababu ya harufu, na daktari wa watu akasimamisha kazi akaniuliza kama ganzi imekosa kushika. Ningemwambia nini, na mdomo umejaa pamba? Acha niwaambie ninyi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu, Bulla Pesa, hapo Isiolo. Mama alichonga shanga na vidani kwa mifupa ya ngamia. Aliichukua kwa wachinjaji, akaichemsha kwa sabuni ya unga mpaka mafuta yote yakatoka, akaianika juu ya mabati, kisha akakaa mlangoni na mashine yake ndogo ya mkononi, ile inayozungusha kijiwe cha kuchongea kwenye ncha, akiitia mistari na vitone. Vumbi jeupe lilimkaa kwenye nyusi mpaka jioni. Tangu kiangazi kimalize ng'ombe wetu huko Sericho, mashine hiyo ndiyo iliyotulisha, na sisi watoto tulikatazwa hata kuugusa waya wake.

Ilipoharibika, haikupelekwa kwa fundi. Fundi ndiye aliyeitwa nyumbani. Kwetu kila mtu alijua, au alidhani anajua, kwamba ukimwachia fundi kitu chako atachomoa kipuri kizuri akuwekee kilichochoka. Basi fundi alitandikiwa mkeka, akapewa chai ya maziwa, na mwenye mashine akavuta kigoda akaikodolea macho mikono yake mpaka skrubu ya mwisho irudi. Fundi wetu alikuwa Kimathi, kijana Mmeru mpole, mzaliwa wa hapo hapo mjini, mwenye begi la shule lililojaa bisibisi. Mara ya kwanza alibadilisha kaboni, vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota, kila kimoja kikisukumwa na springi yake. Siku hiyo jirani alimwita mama uani, naye mama akaacha kigoda kwa dakika chache. Mimi nilibaki nikitazama kila kitu, na Kimathi alipofunga begi lake nilijiona nami nimehitimu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wiki iliyofuata mama alikwenda sokoni, nikaitoa mashine ili nichonge jina langu, Talaso, kwenye kipande cha mfupa. Nilifika herufi ya tatu. Nilikandamiza mno, mashine ikanguruma, ikatoa cheche, ikazima. Ningeiacha hapo ningekula viboko viwili vitatu na mambo yakaisha. Lakini fundi mzima ningeachaje? Nilifungua kifuniko cha pembeni kwa sarafu, na springi ikaruka kama panzi, ikapotelea uani. Niliitafuta kwa magoti mpaka yakachubuka. Mpaka leo namshuku kuku mmoja mwekundu.

Nikavunja kalamu yangu ya shule, nikatoa springi yake, nikaikata kwa wembe, nikaiingiza mahali pa ile iliyopotea. Mashine ikawaka. Nilijivuna kwa nusu saa nzima, tena peke yangu.

Siku tatu baadaye ilianza kukatakata, halafu ikafa kabisa mikononi mwa mama, naye ana kazi ya shanga za harusi. Akabadilisha soketi, akatikisa waya, akaipiga kofi. Kimathi akaitwa. Alipima waya, ukawa mzima. Fyuzi, nzima. Akafungua kifuniko cha kulia, sawa. Akafungua cha kushoto, akaitoa ile springi kwa ncha ya bisibisi.

"Mama Talaso, hii si ya hii mashine. Hii ni ya peni."

Mama aliitazama springi, kisha akamtazama yeye. "Si ni wewe ulifungua juzi? Nani mwingine alishika?" Halafu akasema neno moja la Kiborana, polepole, kama anayejisemea. Hattu. Mwizi. Kimathi, mtoto wa Isiolo, alilielewa.

Hakubisha. Alichukua begi lake akalimwaga lote mkekani: bisibisi, tepu, waya wa risasi wa kulehemu, na nusu chapati iliyofungwa kwenye gazeti. Akageuza na mifuko ya suruali. "Angalia, Mama. Angalia tu." Mimi nilisimama hatua mbili kutoka kwake, na sentensi moja ingetosha. Sentensi yenyewe nilikuwa nayo. Niliogopa kuchapwa, na sababu nyingine sina.

Aliondoka bila kuigusa chai yake. Mama akaniambia niinywe isiharibike, nami nikainywa, na ilikuwa tamu. Kesho yake Kimathi alirudi na springi aliyoitoa kwenye mashine yake mwenyewe, akaifunga, akaomba msamaha. "Labda nilichanganya, Mama." Hakuitwa tena, na majirani pia wakaacha kumwita.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba aliomba msamaha ili yaishe tu. Nilijiambia kwamba yeye, angalau, alijua hana kosa.

Mwaka juzi nilipeleka blenda kwa fundi mmoja karibu na soko, kumbe ni yeye, kichwa kimeanza mvi. Hapo kwake kila mteja hupewa kiti, na kila kipande kinachotoka huwekwa kwenye sahani nyeupe mbele yako. Nikamsifu kwa utaratibu huo.

"Kuna nyumba kitambo iliniambia nimeiba springi," akasema, macho kwenye kazi. "Nilienda kwangu nikamwaga vitu zangu zote nikitafuta. Wiki mzima, madam. Nikaanza kuogopa hii mikono. Nikasema, kama niliiba na sijui, basi nimeiba ngapi zingine?"

Kumbe hakujua kwamba hana kosa. Nilidhani nilimchafulia jina mbele ya watu, na hilo lilikuwa limetosha kuniaibisha. Sikuwahi kufikiri kwamba nilimfanya ajishuku mwenyewe, akiwa peke yake, kwa miaka yote hiyo.

Aliinua uso akanitazama, asinitambue. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wangu, na hakuna tena wa kunichapa. Nikamwambia, "Pole sana," kama mtu aliyesimuliwa habari za watu wengine, nikachukua blenda yangu nikaenda.