Usiitike, Kyengo

Ni miaka ishirini sasa mume wangu Kyengo anaitwa na marehemu, na mimi ndiye humkataza kuitika. Wacha watu wa mtaa wetu wa Kamenu waseme Ndunge amemkalia mume. Mimi ni mwana wa Ukambani, na kwetu ukisikia jina lako na humwoni anayeita, unanyamaza. Mjomba wangu aliitika mara moja akiwa shambani. Tulimzika wiki hiyo hiyo.

Kyengo anaitwa kwenye kanda. Zamani alikuwa akipiga gitaa la solo, na rafiki yake Muoki akiimba huku akipiga gitaa la ridhimu, lile la kushika mapigo. Muoki alijua kukaba nyuzi mahali patatu tu, lakini kwa hapo patatu watu walicheza mpaka viatu vikaachama. Na kwa muziki wa benga wa kwetu, solo haiingii tu hivi hivi kama mbuzi shambani. Mwimbaji anaita, "Kyengo, ingia!" Asipoitwa, haingii.

Siku ya kurekodi wimbo wao wa mwisho, Muoki aliita, na papo hapo waya wa gitaa la Kyengo ukakatika. Mimi sikuona, nilikuwa nje nambembeleza mtoto. Wakasema watarudia Jumatatu. Jumapili Muoki akagongwa na lori akivuka barabara pale Witeithie.

Tangu hapo Kyengo hakupiga gitaa tena. Anashona viatu karibu na steji ya matatu. Lakini ile kanda iko nyumbani, na kila Jumapili tukitoka kanisani anaiweka. "Kyengo, ingia!" Hapo anaizima haraka, kwa hivyo mimi sikuwahi kusikia kilichofuata. Halafu ananiangalia, nami namwambia, "Ukiitika, baba, nitabaki na nani?"

Nilikuwa naogopa, sitaficha. Lakini pia niliona mtu wangu anakauka. Hali chakula vizuri, hacheki, na ukimwita wewe mwenye uhai, anachelewa kuitika. Nilimwonea wivu Muoki, haki ya Mungu, kumwonea wivu mtu aliye kaburini.

Ndiyo maana mwaka huu, Eddie mwenye studio huko Ruiru alipomwambia, "Mzee, lete hiyo kanda tuimalizie," mimi sikubisha. Nilifunga kibanda changu cha mboga nikaenda naye. Kama ni kufa, afe nikiona.

Hiyo studio ni chumba kimoja nyuma ya duka la simiti, na ukutani wamebandika trei za mayai. Eddie akampa Kyengo gitaa, akaweka kanda. Muoki akaimba kama mtu aliyetoka kunywa chai sasa hivi. Nilijua mahali panakuja, nikashika kiti.

"Kyengo, ingia!"

Kyengo akafumba macho, akaingia. Woi, vile aliingia. Machozi yalimshuka mpaka kwenye gitaa na vidole havikukosea hata mara moja. Nilimtazama kifua kama anapumua. Alikuwa anapumua, na hakuanguka. Nikajiambia, haya basi, Ndunge, imeisha.

Lakini kanda ilikuwa bado inazunguka. Kumbe siku ile Muoki aliendelea kupiga peke yake, akingoja mwenzake afunge waya mwingine. Alipochoka kungoja akaanza kutuma salamu, kama waimbaji wetu wanavyofanya. Akasalimia mama yake. Akasalimia fundi wa mitambo. Halafu nikasikia sauti yake ikicheka, karibu kabisa na sikio langu.

"Na Ndunge je? Mbona umetoka nje? Ndunge!"

"Niko hapa, shemeji," nikasema.

Mdomo ulisema kabla sijajua. Eddie alizima mitambo akageuka kunitazama. Sikuweza kumwangalia. Baridi ilikuwa imenishika kuanzia miguuni, na nilikuwa namfikiria mjomba na jembe lake.

Kyengo aliweka gitaa chini. Akanitazama vile nimekuwa nikimtazama miaka yote hii, kisha akaniuliza polepole, "Sasa, mama, mimi nitabaki na nani?"