Mbegu Kumi na Tatu kati ya Ishirini

Nilipomaliza kidato cha sita niliajiriwa kupima mbegu kwenye shamba la ngano la serikali, Hanang. Nilikuwa napanga mbegu ishirini kwenye trei, juu ya kitambaa kilicholoweshwa, nasubiri wiki moja, kisha nahesabu zilizoota.

Mtunza ghala alikuwa mzee wa Endagikot, mtu wa maneno machache, aliyefagia ghala lake asubuhi na jioni. Mbegu za msimu ule zilitujia zikiwa na maelezo kwamba katika kila kumi, nane huota. Kwenye trei yangu ya kwanza ziliota kumi na tatu. Nikaandika, nikampelekea bwana shamba.

Bwana shamba alimwita mzee mbele yetu sote, akasema ameacha unyevu uingie ghalani, maana zilitakiwa kuota kumi na sita. Mzee alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Nilijiona mimi ndiye niliyemshtaki.

Kesho yake nikamwomba bwana shamba nipande trei kumi zaidi. Nilimweleza kama nilivyofundishwa shuleni: kila mbegu ina uwezekano wa kuota wa nane kwa kumi, haiangalii jirani yake. Ukizidisha hiyo kwa ishirini unapata kumi na sita, na ndiyo inaitwa thamani tarajiwa.

"Lakini huo ni wastani wa trei nyingi," nikasema. "Trei moja haikuahidi kitu."

Alinitazama kidogo, akasema nipande.

Wiki ile mzee alipita kila siku kuchungulia. Siku moja, baada ya kunijibu marahaba, akauliza, "Na zikikataa tena, mwanangu?"

"Nitaandika hivyo hivyo, mzee."

"Andika kilichopo," akasema.

Trei moja ilitoa kumi na nane, nyingine kumi na nne, moja tena kumi na tatu. Zote pamoja zilitoa mia moja hamsini na nane. Tulitarajia mia moja sitini. Bwana shamba alirudia hesabu mara mbili, kisha akaenda ghalani, wapakiaji wakiwapo.

"Mzee, nilikukosea mbele za watu. Naomba radhi mbele za watu."

Mzee akampa mkono. Halafu akasema mkewe hajala vizuri tangu siku ile, akaomba ruhusa aende kambi ya wafanyakazi kumwambia.