Joto Nililolipeleka Mwenyewe

Aibu hii nilijitakia. Nilimwita mama kutoka Kivaa aje chuoni Machakos anione nikitetea utafiti wangu. Kwa miezi kadhaa, kompyuta pekee ya idara ilikuwa ikiiga jinsi joto linavyosafiri ndani ya chuma, kutoka ncha ya moto hadi ncha baridi. Grafu yangu ya joto hilo ilinyooka kama rula, nami nikaringa.

Profesa akauliza, "Mutinda, joto ulilidhibiti kwenye ncha mbili tu?"

"Hapana, Prof. Katikati lilikuwa linayumbayumba, kwa hivyo kila sehemu nikaipangia joto lake."

"Basi halikusafiri popote. Ulilipeleka wewe."

Mama, aliyeona tu nimejibu bila kusita, akasimama akapiga vigelegele.