Kikomo Alichokosea Mwalimu Tveit

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa Mwalimu Marlys Tveit ni kwamba alichora kikomo kabla ya grafu. Nilikuwa nimefika Sorum, Dakota Kaskazini, kufanya mazoezi ya ualimu darasani kwake. Alichora mstari wa nukta sehemu ya juu ya ubao, ndipo akashuka kuchora mihimili ya grafu.

"Namba hupanda polepole," aliwaambia wanafunzi wake kumi na mmoja, "kisha kwa kasi, kisha huchoka inapoukaribia mstari huu. Kazi yenu ni kujua mstari uko wapi."

"Na usipojua, Mwalimu?" mmoja wao, Colter, aliuliza. Jibu alilijua, kama wenzake wote.

"Unajenga shule kubwa kama hii."

Miaka kumi na minne nyuma, visima vya mafuta vilipofunguliwa na familia zikamiminika mjini, bodi ya shule ilimwomba akadirie idadi ya wanafunzi wa baadaye. Aliingiza takwimu za miaka minne kwenye kikokotoo, nacho kikatoa kikomo: elfu moja na mia tisa. Lakini miaka yote minne ilikuwa ya kupanda kwa kasi, hakuna hata mmoja ulioonyesha dalili ya kuchoka. Kwa takwimu za namna hiyo kikomo hakionekani, na kikokotoo hakisemi kwamba hakijui. Alitia saini. Shule ikajengwa. Wanafunzi waliishia mia sita na arobaini, kisha wachimbaji wakaondoka. Sasa wamebaki mia mbili, korido tatu zimefungwa kwa minyororo, na kodi ya kulipia jengo inawaumiza hata wazee wasio na mtoto.

Siku moja nilikuwa naye dukani. Mzee mmoja akachungulia kikapu cha Mwalimu.

"Marlys, mayai hayo umeyahesabu mwenyewe? Basi ngoja nihakikishe."

Alilipa, akatoka.

Kila Machi huwapa wanafunzi takwimu zile zile za miaka minne, nukta nne kwenye grafu, na kuwauliza kikomo. Mwaka huu mwanafunzi mmoja, Brynn, alizitazama kwa muda mrefu.

"Mimi naona haiwezekani kujua, Mwalimu. Zote bado zinapanda."

"Iandike hivyo hivyo."

"Niandike haiwezekani? Na alama?"

"Zote utapata. Mimi niliona aibu kuiandika."

Jumanne iliyofuata mji ulipiga kura: shule ibaki, au ifungwe na watoto wapande basi maili sitini kila asubuhi. Kura zilipigwa katika ukumbi wa shule, na sanduku likapelekwa ofisini kuhesabiwa. Darasa lake lote lilibaki kusubiri kwenye ngazi za ukumbi, makoti mwilini, kwa sababu mitambo ya joto ilikuwa imezimwa.

"Tutashinda, Mwalimu?" Colter alimuuliza.

"Sijui, mwanangu."

Mwalimu akasogea, akampa Brynn nafasi ya kukaa. Mlango wa ofisi ulikuwa bado umefungwa, na sote kumi na watatu tulikuwa tumeukodolea macho.