Picha Mbili za Harusi Moja

Jirani yangu wa hapa mjini Ibra hugonga mlango kwa kucha, kama anayeogopa kuamsha mtu, na barua za ubalozi huzileta ndani ya mfuko wa plastiki. Vidole vyake ni virefu, ncha zake nyekundu kwa hina anayoipaka upya kila mwezi, ili viza ya kumfuata mumewe Amerika itakapotoka isimkute hajajipamba. Huu ni mwaka wa nne anaipaka. Juzi barua ilitaka picha ya harusi, mke na mume wakiwa pamoja. Nilipomfasiria alicheka.

"Pamoja wapi, bibi we? Yeye alikuwa msikitini na wanaume, mimi ndani na nyinyi wanawake!"

"Hata baadaye? Si alikaa siku ishirini kabla ya kurudi Amerika?"

"Nani alifikiria picha? Nilimtazama mwenyewe."

Akatoa picha mbili, moja ya mumewe akipeana mkono na mkwewe, nyingine yake katikati ya mashangazi, akazisogeza mezani mpaka kingo zikagusana. Akaniomba niwaandikie watu wa ubalozi kwa Kiingereza kwamba harusi ni moja. Nikaieleza desturi yetu kadiri nilivyoweza, kisha nikamwuliza ni nini kingine kitakachoonyesha kwamba anamjua mumewe. Akaiinua ile picha ya mumewe.

"Andika anakunywa chai bila sukari. Andika sauti yake naijua hata akipiga chafya kwenye simu. Anavyotembea nimeshasahau, dada. Hilo usiwaandikie."